Jinsi ya Kumpima Beki wa Chuo Kabla ya Drafti ya NFL: Mwongozo Kamili

Drafti ni zoezi ambalo timu za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, huchagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuoni. Katika drafti ya mwaka 2023, mabeki wawili wa pembeni waliitwa wakifuatana. Washington, waliokuwa na chaguo la 16, walimchukua Emmanuel Forbes wa Mississippi State. New England wakafuata na kumchukua Christian Gonzalez wa Oregon. Forbes alikuwa amenasa pasi 14 za wapinzani chuoni, 6 kati yake akazikimbiza mwenyewe hadi mwisho wa uwanja na kufunga, yaani tachidauni, rekodi ya daraja la juu la vyuo Marekani. Gonzalez alikuwa amenasa 4 tu. Mbio zao za yadi 40 zilikaribiana: sekunde 4.35 kwa Forbes, 4.38 kwa Gonzalez. Novemba 2024, kabla msimu wake wa pili haujaisha, Forbes aliachwa na Washington, akachukuliwa na Rams. Gonzalez msimu huohuo akatajwa kwenye kikosi cha pili cha All-Pro, orodha ya wachezaji bora wa msimu.

Anayesoma takwimu za chuo peke yake angemchagua Forbes bila kusita. Mwongozo huu ni kwa anayetaka kutazama zaidi ya hapo na kufika usiku wa drafti, mwishoni mwa Aprili, akiwa na uamuzi wake mwenyewe. Kwetu Afrika Mashariki raundi ya kwanza huanza saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa, na kukesha kuna raha yake unapokuwa umewachunguza vijana wanaoitwa. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: miguu na nyonga vitazamwe kwanza, na pasi alizonasa zihesabiwe mwisho kabisa.

Hatua ya 1: Jua alipangiwa kazi gani

Tunaposema mabeki wa nyuma tunachanganya watu wenye kazi tofauti kabisa. Beki wa pembeni husimama karibu na mstari wa kutokea, ule wa ubavuni mwa uwanja, na kukabana na mpokeaji wa pasi mmoja, mara nyingi yule hodari. Beki wa ndani, anayeitwa nikeli kwa kuwa ndiye wa tano kuongezwa, hukaba katikati ambako mpokeaji anaweza kukata kushoto au kulia. Sefti wawili hukaa nyuma ya wote; mmoja hulinda kina cha uwanja, mwingine hushuka mbele kuwazuia wanaokimbia na mpira. Mfumo wa kocha huamua nani afanye lipi.

Kabla ya kumhukumu kijana, jibu maswali mawili. Je, timu yake inakaba mtu kwa mtu au inalinda maeneo? Na je, yeye husimama upande gani wa uwanja?

Swali la pili wengi hulipuuza, na lina uzito mkubwa. Uwanja una upana wa mita 48.8 chuoni na NFL, lakini mistari ya alama ambayo mpira huanzishiwa haiko sawa. Chuoni imeachana futi 40, yaani mita 12.2. NFL imeachana futi 18 na inchi 6, mita 5.6 tu. Mpira ukiwekwa kwenye alama moja chuoni, upande mmoja unabaki na mita 18.3 na wa pili mita 30.5. Timu nyingi za vyuo humweka beki mmoja upande mwembamba karibu mechi nzima na mwingine upande mpana. Yule wa upande mwembamba anasaidiwa na mstari wa kutokea, kwa kuwa mpokeaji hana pa kukimbilia. NFL nafuu hiyo inapungua sana. Kwa hiyo ukiona kijana aliyeng'ara, chunguza aling'ara wapi. Aliyefanya vizuri kwenye mita 30 ameshajibu swali ambalo mwenzake bado hajaulizwa.

Hatua ya 2: Chagua mechi kabla hujafungua video

Mechi nne au tano zinatosha kuanzia, mradi usiziokote ovyo. Chukua mechi aliyokutana na mpokeaji bora wa msimu. Chukua mechi aliyochomwa, ile ambayo mashabiki wake hawapendi kuizungumzia. Chukua moja ya Septemba na moja ya Novemba, uone kama amekua ndani ya msimu au amechoka. Ya tano iwe ya mwaka uliotangulia. Siku hizi vijana wanahama vyuo mara kwa mara, kwa hiyo mechi ya zamani inaweza kukuonyesha mtu yuleyule chini ya kocha mwingine na mfumo mwingine. Gonzalez mwenyewe alicheza Colorado miaka miwili bila kunasa hata pasi moja. Zile 4 zote alizipata Oregon mwaka 2022. Nyonga zake hazikubadilika kwa kuhama chuo.

Video inayofaa zaidi ni ile ya kamera ya juu inayoonyesha wachezaji wote 22. Kwa mechi za vyuo si rahisi shabiki wa kawaida kuipata. Matangazo ya televisheni hufuata mpira, na beki wa pembeni hutoka kwenye picha sekunde moja tu baada ya mpira kuanzishwa. Tumia ulichonacho: simamisha picha mpira unapoanzishwa uone alivyosimama, isimamishe tena pasi inapotoka mkononi mwa kwotabeki, mrusha pasi wa washambuliaji, uone umbali wake na mpokeaji, kisha tafuta marudio ya polepole, ambayo mara nyingi hupigwa kutoka nyuma ya goli. Fungu la mechi zilizofupishwa hukupunguzia pia gharama ya bando.

Mara ya kwanza usiangalie mpira. Macho yabaki kwa beki huyo mmoja tangu mpira kuanzishwa hadi filimbi, hata kama pasi imekwenda upande wa pili.

Hatua ya 3: Miguu na nyonga

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi, na nikiwa na saa moja tu naitumia yote hapa.

Anza na mkao. Beki aliye tayari hukunja magoti, kifua kikaja juu ya magoti, uzito ukawa kwenye sehemu ya mbele ya nyayo. Aliyesimama wima itabidi kwanza ajishushe ndipo asogee, na katika huo ujishushaji mpokeaji amekwisha kupata hatua moja.

Anapobana mstarini, pale mpira unapoanzishiwa, uso kwa uso na mpokeaji, tazama mguu wake wa kwanza. Beki mwenye papara hurusha mguu nyuma au hufungua nyonga kabla mpokeaji hajachagua upande. Mpokeaji mjanja akishaona nyonga zimefunguka kulia, anapita kushoto, na beki anaachwa solemba. Beki mtulivu husogeza miguu kwa hatua fupi za kando, anabaki mbele ya mwenzake, na mikono huitumia baada ya miguu kufika. Ukiona anarusha mikono yote miwili huku kifua kimelala mbele, andika. Chuoni ataokolewa na nguvu zake. Kwenye NFL atashikwa kiganja na kupitwa.

Anapocheza mbali, yadi 6 au 7 kutoka kwa mpokeaji, kazi inabadilika. Sasa unaangalia anavyorudi kinyumenyume. Je, kichwa chake kinabaki kwenye usawa mmoja, au kinapanda na kushuka? Kinachopanda na kushuka kinaonyesha magoti yamekunjuka. Kisha subiri wakati wa kugeuka. Mpokeaji akimfikia na kumpita, beki lazima ageuze nyonga na kukimbia naye bila kupoteza mwendo. Mwenye nyonga ngumu hugeuka kwa hatua mbili au tatu ndogo, na kila hatua ni mita iliyopotea. Mwenye nyonga laini hugeuka kwa hatua moja.

Kipimo kingine ni breki. Kwotabeki anarusha pasi fupi mbele yake. Beki anapiga mguu chini na kulipuka mbele. Hesabu hatua kati ya kusimama na kuanza kurudi. Wazuri hutumia moja. Huu ndio ustadi unaogeuza pasi ya yadi 6 kuwa pasi iliyopanguliwa, na kwa mabeki wanaolinda eneo hakuna kitu chenye thamani zaidi.

Angalia pia kilele cha njia ya mpokeaji, ile sehemu kwenye yadi 10 hadi 15 anapokata ndani, nje au kurudi. Kukaba vizuri hatua tano za mwanzo hakuna maana kama hapo anaachwa mita mbili. Na usisahau sheria. Chuoni beki anaruhusiwa kumgusa na kumsukuma mpokeaji aliye mbele yake mpaka pasi irushwe. NFL ruhusa hiyo inakoma yadi 5 kutoka mstari wa kuanzia. Akimgusa zaidi ya hapo ni adhabu ya yadi 5 na washambuliaji wanaanza upya hesabu ya majaribio yao. Kwa hiyo kila unapomwona kijana akimkumbatia mpokeaji kwenye yadi 9 na mwamuzi amenyamaza, wewe usinyamaze. Hesabu mikumbatio hiyo.

Hatua ya 4: Mpira ukiwa hewani

Beki akiwa ubavuni mwa mpokeaji, kiuno kwa kiuno, anatakiwa ageuze kichwa na kuutafuta mpira. Akiwa nyuma, asigeuke kwa sababu atapunguza mwendo. Asome macho na mikono ya mpokeaji, kisha apigie pale mikono inapofunguka. Kijana anayejua tofauti ya hali hizi mbili amefundishwa akafundishika. Asiyejua huingia mwilini mwa mpokeaji bila kuuona mpira, na adhabu yake NFL ni nzito kuliko chuoni. Chuoni kumzuia mpokeaji kinyume cha sheria hakuzidi yadi 15. NFL mpira huwekwa pale kosa lilipofanyika. Kosa la umbali wa yadi 45 linagharimu yadi 45.

Hapa ndipo pasi zilizonaswa zinapoingia, na ziingie kwa uangalifu. Kwa kila aliyoinasa jiulize ilitoka wapi. Alisoma njia akaikata mbele ya mpokeaji? Ni ustadi, na utajirudia. Iligonga mkono wa mtu ikamwangukia? Kwotabeki alikuwa anaangushwa akairusha ovyo? Hiyo ni bahati njema tu. Kuna pia beki anayekisia: anaacha kazi yake akirukia njia aliyoidhania, akipatia anasifiwa, akikosea timu inafungwa. Trevon Diggs wa Dallas alinasa pasi 11 mwaka 2021, idadi isiyoonekana kwa miongo minne, huku akiruhusu zaidi ya yadi 1,000 msimu huohuo. Timu inaweza kukubali biashara hiyo, lakini ijue inanunua nini.

Hatua ya 5: Macho, kwa wanaolinda eneo na kwa sefti

Katika kulinda eneo, beki humtazama kwotabeki huku akijua kwa pembe ya jicho nani anaingia katika eneo lake. Tazama anavyomkabidhi mpokeaji kwa mwenzake: je, anamfuata mtu hadi kwenye eneo la jirani na kuacha lake tupu? Tazama pia mikono na midomo kabla ya mpira kuanzishwa. Sefti mzuri anaonyesha kwa kidole, anawasogeza wenzake, anabadilisha mpango pale washambuliaji wanapobadilisha mpangilio. Ukiona wenzake wanamgeukia yeye kuuliza, umepata kitu ambacho hakiandikwi kwenye takwimu yoyote.

Kwa sefti, kipimo kikubwa ni pembe ya kukimbia. Mwenye mpira amevunja mstari na amebaki na mtu mmoja mbele. Sefti anayekimbilia alipo mwenye mpira atapitwa. Anayekimbilia atakapokuwa atamfikia. Kyle Hamilton wa Notre Dame alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.59 mwaka 2022, na baadhi ya watu wakaanza kumtilia shaka. Aliteremka hadi chaguo la 14. Baltimore wakamchukua, na mwaka 2023 alikuwa All-Pro wa kikosi cha kwanza. Macho na pembe zake vilimfikisha mapema kuliko wenye mbio kumzidi.

Hatua ya 6: Kumwangusha mwenye mpira

Hili si refu. Je, anataka? Beki asiyetaka kuangusha hujificha nyuma ya mzuiaji na kusubiri wenzake. Je, anafunga mikono au anagonga kwa bega na kutumaini? Hesabu alizokosa katika mechi zako zote. Beki wa ndani asiyeangusha hana kazi NFL. Wa pembeni anaweza kusamehewa kidogo kama anakaba vizuri sana.

Uzito unahusika hapa. Forbes alipimwa Indianapolis, kwenye vipimo vya kabla ya drafti, akiwa na pauni 166, kilo 75. Gonzalez, wa urefu karibu uleule, alikuwa na pauni 197, kilo 89. Forbes alipokutana na A.J. Brown wa Philadelphia katika wiki ya nne ya maisha yake NFL, Brown alimaliza na yadi 175 na tachidauni mbili. Mpokeaji wa kilo 100 akimwegemea beki wa kilo 75, ufundi mzuri unahitaji kuwa kamilifu.

Hatua ya 7: Vipimo vya Indianapolis

Kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, maskauti, yaani wasaka vipaji, wa timu zote 32 hukutana Indianapolis kuwapima vijana. Andika ripoti yako ya video kabla ya wiki hiyo. Ukishaona namba, macho yako yataanza kuzitafuta kwenye video.

Mbio za yadi 40, mita 36.6, zitumie kama mlango tu: zinasema nani abaki nje, hazisemi nani ni bora ndani. Mwaka 2022 Kalon Barnes wa Baylor alikimbia 4.23, kasi ya ajabu, akachaguliwa raundi ya saba na hakupata nafasi ya kudumu. Tariq Woolen wa UTSA alikimbia 4.26 akiwa na urefu wa futi 6 na inchi 4, akachukuliwa na Seattle raundi ya tano, chaguo la 153, na msimu wake wa kwanza akanasa pasi 6, akifungana kileleni mwa ligi. Kilichowatofautisha kilikuwa kwenye video, pamoja na urefu wa Woolen na mikono yake.

Mimi huangalia zaidi yadi 10 za kwanza, ambako sekunde 1.50 au chini ni kiwango cha juu, kwa kuwa beki hukimbia umbali huo kwa kasi mara nyingi kuliko yadi 40 nzima. Mbio za kugeuka za yadi 20 na zile za koni tatu zinasema mengi kuhusu nyonga, ila vijana wengi sasa wanazikwepa. Kama amezikwepa, tazama mazoezi ya uwanjani ya mabeki: kurudi kinyumenyume, kugeuka, kugeuka tena na kudaka. Urefu wa mkono ni muhimu kwa wa pembeni; inchi 32, sentimita 81, ni mzuri, na aliye karibu na inchi 30 mara nyingi huishia kusogezwa ndani. Zoezi la kunyanyua chuma cha kilo 102 unaweza kuliruka.

Hatua ya 8: Jaza pengo ambalo video haijajaza

Quinyon Mitchell wa Toledo ni somo zuri. Mwaka 2022 alinasa pasi 4 katika mechi moja dhidi ya Northern Illinois, mbili akazifikisha kwenye tachidauni. Lakini Toledo wanacheza ligi ndogo, na yeye alicheza zaidi akiwa mbali na mpokeaji, akimtazama kwotabeki. Ataweza kubana mstarini dhidi ya wakubwa? Video haikuwa na jibu. Jibu likaja Mobile, Alabama, kwenye wiki ya Senior Bowl, mechi ya maonyesho ya wachezaji wanaomaliza chuo, mwanzoni mwa 2024, ambako mazoezi ya mmoja dhidi ya mmoja humweka beki uchi mbele ya maskauti wote. Alibana, akakaa nao. Kisha Indianapolis akakimbia 4.33. Philadelphia wakamchukua kwa chaguo la 22. Msimu wa kawaida wa kwanza hakunasa pasi hata moja, na bado aliingia katika orodha ya mwisho ya kuwania tuzo ya mlinzi bora chipukizi. Ni kwa sababu alikaba.

Kwa hiyo mazoezi ya Mobile yanaweza kuwa na faida kuliko mechi yenyewe ya Jumamosi. Tafuta video zake.

Umri nao uweke kwenye mizani. Tangu wachezaji wa vyuo waruhusiwe kulipwa kwa jina na sura zao mwaka 2021, wengi hubaki chuoni zaidi. Mwenye miaka 24 anayewatesa wapokeaji wa miaka 19 hayuko sawa na mwenye miaka 21 anayefanya hivyo. Kuhusu majeraha, ripoti za madaktari zinabaki kwa timu. Unachoweza ni kuorodhesha mechi alizokosa na kutazama kama baada ya kurudi anageuka kama zamani.

Hatua ya 9: Andika ripoti, kisha mpe kazi

Takwimu za kukaba zije sasa: pasi zilizorushwa kuelekea kwake, zilizokamilika, yadi alizoruhusu kwa kila shambulio alilokaba, pasi alizopangua. Zilinganishe na ulichokiona. Beki ambaye hakurushiwa pasi mara nyingi huenda aliogopwa, au mwenzake wa upande wa pili alikuwa dhaifu zaidi. Rudi kwenye video ujue.

Ripoti isizidi ukurasa mmoja. Andika alicheza wapi na katika mfumo gani, miguu na nyonga, mpira hewani, macho, kuangusha, vipimo, hofu yako kubwa. Kisha sentensi moja ya kazi: siku ya kwanza atakuwa nani, na katika mfumo upi. Cooper DeJean wa Iowa aligawanya watu mwaka 2024, wengine wakimwita wa pembeni, wengine sefti, na kwa kuwa alivunjika mguu Novemba iliyotangulia hakukimbia Indianapolis. Philadelphia walimchukua kwa chaguo la 40, wakamweka ndani kama nikeli. Februari 9, 2025, siku alipotimiza miaka 22, alinasa pasi ya Patrick Mahomes, kwotabeki wa Kansas City, kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, na kuikimbiza yadi 38 hadi tachidauni. Aliyeandika "hajulikani nafasi yake" na aliyeandika "nikeli anayeanza mwaka wa kwanza" walitazama video ileile.

Raundi unayompa itokane na sentensi hiyo. Raundi ya kwanza ni ya anayeweza kuanza mwaka wa kwanza katika mifumo mingi, maana timu inampa mkataba wa miaka minne na hiari ya mwaka wa tano. Ya pili na ya tatu ni ya anayeweza kuanza katika mfumo mmoja unaomfaa, na uutaje. Kuanzia ya nne, tafuta sifa moja ya kipekee na mwili wa kuibeba, kama alivyokuwa Woolen.

Ripoti ya kwanza iwe tayari mwishoni mwa Januari, kabla ya Mobile. Irekebishe mara moja baada ya Indianapolis na mara moja baada ya siku za majaribio za vyuo mwezi Machi, kwa wino wa rangi nyingine ili uone ulichobadilisha na kwa nini. Kipimo peke yake kisimpandishe wala kumshusha zaidi ya raundi moja, isipokuwa kimekurudisha kwenye video na video ikakupa sababu.